NJIA YA MLIMANI INA SAA ZAKE

Maneno machache kwa wale wapitao vijia vya Meru mwisho wa majira ya baridi

Mwezi wa Agosti ukifika, sisi tukaao kwenye mabega ya Mlima Meru twajua jambo moja ambalo mgeni wa kutoka pwani hulishangaa sana: ya kwamba katika nchi ya jua kama yetu mtu aweza kutetemeka kwa baridi saa 6 mchana. Pale Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hata nyuzi 12 au 13. Ukipanda kwenda Ng'iresi, Ilkiding'a, Sambasha, Nkoaranga au Songoro, baridi huzidi kwa kila kilima upandacho. Huko juu barabara ya gari hukoma, na kijia cha miguu huanza.

Vijia hivi ndivyo maisha yetu. Mama hushuka navyo na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Mtoto hupanda navyo kwenda shule. Katekista huvuka makorongo kwenda kigango cha mbali, na mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka mahali ambapo gari laweza kufika. Siku hizi tena wako vijana wa mjini na wageni watembeao kwa furaha tu, kutazama maporomoko ya maji au kupanda kilima cha Kivesi. Wote hao hukanyaga udongo ule ule, na udongo haumwulizi mtu kama amekuja kwa kazi au kwa matembezi.

Nataka kusema habari za vijia hivi jinsi vilivyo mwisho wa majira ya baridi, Agosti na mwanzo wa Septemba. Wakati huo watu wengi hudhani hatari imekwisha kwa kuwa masika yamepita. Wala sisemi kama mwalimu ajuaye yote. Nasema kama mtu aliyekosa, akasamehewa.

WALIKWENDA 23

Mwaka 2018, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, nilipewa kazi ya kuwapeleka watoto wa kwaya katika kigango kilicho ng'ambo ya makorongo mawili. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika: ubatizo, ndoa, mazishi, zaka. Basi asubuhi ile nikaandika majina ya watoto katika daftari langu, mmoja mmoja, nikayapa namba. Walikuwa 23.

Tuliondoka saa 2 katika ukungu. Tulipofika mgongo wa kwanza, yapata saa 4, ukungu uliinuka na jua likatoka, tukauona mji wa Arusha chini yetu. Watoto walivua sweta wakazifunga viunoni. Njia ilikuwa njema. Waliimba mpaka tukafika.

Baada ya Misa tulikaribishwa chakula, loshoro na nyama na soda, kama ilivyo desturi ya watu wa huko ambao hawamwachi mgeni aondoke na njaa. Saa 8 mzee mmoja wa kigango alinijia. Alitazama juu mlimani, kisha akaniambia, "Karani, mwanangu, ondoa watoto sasa. Mlima unajifunika."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu, tunamaliza sasa hivi. Umebaki wimbo mmoja."

Wimbo mmoja ulizaa zawadi, zawadi zikazaa shukrani, na shukrani zikazaa hotuba. Tuliondoka saa 10 na nusu.

Ukungu ulitukuta kwenye korongo la kwanza, na manyunyu pamoja nao. Sikuweza kumwona mtoto wa tatu mbele yangu. Njia ile iliyotubeba vizuri asubuhi sasa ilikuwa kama sabuni. Wakubwa waliwashika wadogo mikono, na mimi nilikuwa mbele nikitafuta njia kwa tochi ya simu. Tulifika kanisani kwetu saa 1 na nusu usiku. Wazazi walikuwa wamesimama uani, na kila mama alimchukua wake akamfunika kanga akaenda zake.

Akabaki mama mmoja. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Karani, wangu yuko wapi?"

Nilifungua daftari. Jina la mtoto wake lilikuwamo, namba 17, mvulana wa miaka 9. Nilikuwa nimewaandika waliokwenda, sikuwahesabu waliorudi.

Jinsi alivyopatikana nitaeleza mbele. Kwanza yatupasa tuelewe kwa nini njia ya asubuhi si njia ya jioni, maana mtu akielewa sababu hatasahau onyo.

UKUNGU WATOKA WAPI?

Katika miezi ya baridi, tangu Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ukichukua unyevu wa bahari. Upepo huo hupita juu ya nyika bila kuleta mvua nyingi. Walakini ukifika kwetu hukuta ukuta: Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566. Hauna budi kupanda. Na hewa ipandayo hupoa, na ikipoa, unyevu wake hugeuka kuwa matone madogo, kama vile mvuke wa sufuria ugeukavyo kuwa maji ukigusa kifuniko. Matone hayo ndiyo mawingu tuyaonayo kutoka mjini. Nasi tulio ndani yake twayaita ukungu.

Kwa sababu hiyo mlima mmoja una njia za namna mbili siku ile ile. Upande wa kusini, unaoelekea upepo, kuna migomba, kahawa, msitu na matope. Upande wa kaskazini, kule Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki, upepo hufika umekwisha kumwaga maji yake. Huko ni vumbi. Mtu azoeaye njia za kaskazini asidhani kwamba ameujua mlima wote.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kama mjini ni nyuzi 18, basi ukipanda mita 1,000 utakuta nyuzi 12. Ukipanda mita 3,000 utakuta sifuri, yaani mahali maji yagandapo. Hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo na nguo zilizolowa. Mtoto anayetoka Arusha na shati moja kwenda kumsalimu bibi yake juu karibu na msitu, kwa hesabu hii, ameingia nchi nyingine.

Tena ukungu una saa zake. Mara nyingi usiku na asubuhi mawingu hukaa chini, yakilala juu ya vijiji na mji, na manyunyu huanguka. Yapata saa 4 au saa 5 jua huyainua. Mchana kunakuwa na nafasi njema ya saa chache. Kisha jua likilegea, ukungu hurudi, na safari hii hurudi pamoja na giza. Jua letu huzama saa 12 na nusu hivi, na katika makorongo yenye miti giza huingia mapema kuliko shambani. Si kila siku huwa hivyo, lakini mara nyingi huwa hivyo, na yule mzee wa kigango alikuwa akiisoma saa hiyo mlimani kama mimi niisomavyo ukutani.

UDONGO WA MAJIVU

Jambo la pili ni udongo. Meru ni mlima wa moto. Zamani sana, yapata miaka 8,000 iliyopita, ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha umbo la kwato ya farasi tulionalo leo. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Majivu ya nyakati zote hizo, yakioza kwa mvua na majani, ndiyo udongo wetu mwema uzaao ndizi na kahawa. Lakini udongo mwema wa shamba ni udongo mbaya wa njia. Ukikauka ni vumbi jororo. Ukilowa huteleza kama mafuta.

Mwisho wa majira ya baridi ndio wakati wa udanganyifu wake. Mchana upepo na jua hukausha ngozi ya juu tu, na chini pabaki maji ya manyunyu ya usiku. Ni kama uji uliopoa: juu umefanya ngozi, ndani bado ni mwororo. Mtu hukanyaga akiona pakavu, ngozi hukatika, naye huenda chini pamoja na mzigo wake.

Tena tusisahau kwamba njia yenyewe ni mgonjwa. Mvua za masika, Machi mpaka Mei, zimekwisha kuila: zimechimba mifereji katikati yake, zimefunua mizizi, zimeyapa magogo ya kuvukia mito kuvu na utelezi. Kipupwe hakitengenezi kitu. Kinafunika tu kwa majani na ukungu yale masika yaliyovunja. Mito ya Themi, Nduruma, Tengeru na Usa yote hushuka kutoka mlima huu kwa makorongo marefu, na kila kijia kiendacho kijiji cha jirani hakina budi kushuka korongo na kupanda tena.

Katika milima ya Ulaya, kama Alps, watu wana mashaka yanayofanana na yetu. Kule mwisho wa majira ya baridi theluji huganda usiku ikawa ngumu ya kumbeba mtu. Jua likipanda huyeyuka, mtu huzama magotini, na pengine theluji nyingi huporomoka na kufunika watu. Kwa hiyo wapandaji wa kule huondoka gizani na kurudi kabla jua halijawa kali. Kwao ni theluji na kwetu ni matope, lakini fundisho ni moja: njia hubadilika kwa saa, wala haimngoji aliyechelewa.

WENYE KUPANDA KILELENI

Wala si lazima kwenda Ulaya kuliona jambo hilo. Tutazame juu ya mlima wetu wenyewe. Njia ya kwenda kileleni huanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto Crater, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa. Hapo hakuna ruhusa kupanda peke yako. Mlinzi mwenye bunduki hufuatana na wapandaji kwa sababu ya nyati wengi walioko msituni.

Siku ya kwanza hupanda mpaka vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili hufika vibanda vya Saddle, mita 3,570, na wenye nguvu huenda jioni kukanyaga Little Meru, mita 3,820. Kisha hulala mapema. Yapata saa 7 au saa 8 usiku huamshwa, hupewa chai, hufunga taa vichwani na kuanza kupanda kilele.

Kwa nini usiku? Wengi husema ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro, na kweli ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini iko sababu nyingine. Saa zile za baridi, majivu ya kwenye ukingo wa mlima huganda, mguu hupata mahali pa kushika. Jua likiyapasha hulegea, na kila hatua mbili hupoteza moja. Tena mawingu bado yako chini. Walakini baridi hiyo hiyo ina ubaya wake: baada ya mahali paitwapo Rhino Point kuna miamba ya kupita kwa mikono na miguu, nayo katika majira haya pengine hufunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa taa. Hapo kiongozi akisema, "Tungoje," watu hungoja. Akisema, "Turudi," hurudi, hata kama wamesafiri kutoka Amerika na kulipa fedha nyingi. Hali kadhalika mtu akishikwa na kichwa kikali, akatapika na kuyumba kwa sababu ya hewa kuwa nyepesi, dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Nawataja watu hawa kwa sababu moja. Waujuao mlima zaidi ndio wautiio zaidi. Sisi wa vijijini twaudharau kwa kuwa tumezaliwa juu yake, na njia ya kwenda kwa jirani haionekani kuwa mlima. Lakini mvulana wangu namba 17 hakupotea kileleni. Alipotea njiani kurudi nyumbani.

ALIVYOPATIKANA

Usiku ule wanaume wa kijiji waliondoka kwa makundi mawili wakiwa na tochi na mapanga, na mimi miongoni mwao. Mwalimu wa kwaya alichukua filimbi yake. Tulipiga simu kigangoni, na yule mzee, ijapokuwa ni mtu wa miaka mingi, aliwatoa wanawe kututafutia upande wa pili. Nilipomsikia katika simu niliona haya. Hakunikumbusha neno lake la saa 8. Alisema tu, "Msishuke korongoni mkikimbia. Pigeni filimbi, kisha nyamazeni msikilize."

Tulifanya hivyo: filimbi, kimya, filimbi, kimya. Karibu saa 4 usiku, karibu na mpaka wa msitu, tulisikia kitu kikigongwa: ti, ti, ti. Mvulana alikuwa ameketi chini ya mti, amekunja magoti, akigonga kwa jiwe chupa tupu ya soda ambayo hakupaswa kuiondoa mezani. Alikuwa amesimama nyuma kufunga kiatu, ukungu ukamfunika. Alipotaka kutufuata alishika njia ya ng'ombe iendayo msituni. Alipoona haijui, aliketi. Tulipomwuliza baadaye kwa nini hakuendelea kutembea, alijibu kwamba bibi yake humwambia, mbuzi aliyepotea akasimama huonekana, na azungukaye huliwa na fisi.

Nilifurahi mno, nikadhani taabu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mtoto hakuwa akitetemeka tena. Alisema maneno yake polepole kama mlevi, na alitaka kulala. Kijana mmoja alitoa kichupa cha pombe kali ili kumpasha moto. Mimi nilitaka kumsugua miguu na kumpeleka mbio kwenye moto. Mama mmoja, mkunga wa zamani, aliyekuwa akitungoja nyumba ya kwanza, alitukataza sote wawili.

Alimvua zile nguo zilizolowa. Alimpangusa taratibu. Alimfunga katika blanketi kavu pamoja na mama yake mzazi, kifua kwa kifua, akawafunika kichwa na shingo. Alipoanza kutetemeka tena, mkunga alisema, "Sasa mwili umeamka." Ndipo alipompa uji wa vuguvugu wenye sukari, kijiko kwa kijiko. Asubuhi tulimpeleka zahanati, na mganga akasema kwamba yote yaliyofanywa yalifanywa vizuri.

BARIDI HUUAJE?

Watu hudhani kwamba baridi huua palipo na barafu tu. Si kweli. Mtu aweza kufa kwa baridi katika nyuzi 10 za joto kama amelowa, amechoka, ana njaa na upepo unampiga. Nguo iliyolowa humnyang'anya mwili joto upesi mno kuliko nguo kavu. Pamba ni mbaya zaidi, maana hunywa maji na kuyashika. Sufu huhifadhi joto kiasi hata ikilowa.

Kwanza mtu hutetemeka. Huo ni msaada wa mwili, maana unatengeneza joto. Akianza kujikwaa, kunena ovyo na kutaka kulala, ni hatari. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, ni hatari kubwa. Pombe humdanganya: huleta damu kwenye ngozi, mtu akasikia joto, kumbe joto la ndani linatoka. Kumsugua mikono na miguu, au kumweka karibu mno na moto, huirudisha damu baridi moyoni kwa ghafula. Mpashe kifua kwanza, polepole. Wala msimfungie ndani ya chumba chenye jiko la mkaa bila dirisha, kwa maana moshi usioonekana wa mkaa umewaua watu wengi waliotaka kukimbia baridi.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Basi, ndugu zangu, yafaa tushike mambo haya:

1. Weka saa ya kurudi kabla ya kuondoka nyumbani, uwaambie watu wa nyumbani saa hiyo na njia utakayopita. Katika majira haya, afadhali uwe umevuka korongo la mwisho kabla ya saa 10 jioni. Sikukuu, soko na msiba havina mwisho. Saa yako iwe nao. Sikiliza redioni habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na msikilize pia mzee wa mahali.

2. Ukiongoza watoto, hesabu wakati wa kwenda, hesabu kila mkivuka korongo, hesabu wakati wa kufika. Mtu mzima mmoja awe mbele, na mwingine awe nyuma ya wote.

3. Chukua nguo moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni, hata kama jua linawaka. Sweta ya mtumba ya sufu ni bora kuliko koti zuri la pamba. Chukua na kitu cha kula.

4. Kandambili na yeboyebo si viatu vya matope. Vaa kiatu chenye meno chini kinachoshika mguu, na ushike fimbo. Ukishuka, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, kanyaga kwenye nyasi za kando, epuka mizizi iliyolowa na mawe yenye kuvu. Mzigo wa mgongoni ni salama kuliko wa kichwani mahali pa kuteleza.

5. Ukungu ukikufunika na hujui njia, simama. Usifuate maji ya mto ukidhani yatakupeleka nyumbani. Mito yetu hushuka kwa maporomoko, na wengi wangefika ukingoni bila kuona. Kaa pakavu, jifunike, piga kelele au gonga kitu, kisha sikiliza. Katika Alps ishara ya kuomba msaada ni mara 6 kwa dakika moja, kisha kimya dakika moja, na jibu lake ni mara 3. Filimbi moja shingoni mwa mtoto haina gharama kubwa.

6. Simu yako iwe na moto, wala usiumalize kwa kupiga picha na muziki. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Lakini mahali pengine korongoni hakuna mtandao; usiifanye simu kuwa malaika mlinzi wako.

7. Msituni na hifadhini usiingie bila ruhusa na kiongozi. Nyati katika ukungu hakuoni mpaka mmekaribiana, na akishtuka haulizi.

KAZI ILIYOBAKI

Liko na jambo moja la pamoja. Sasa hivi, mwisho wa baridi na kabla ya mvua za vuli za Novemba, ndio wakati wa kutengeneza vijia. Udongo bado una unyevu, majembe huingia. Kata mifereji ya mshazari ili maji yatoke njiani badala ya kukimbia katikati yake. Chimba ngazi palipo na mteremko mkali, uzishike kwa vijiti. Badili magogo yaliyooza kwenye mito, na ufunge kamba ya kushika. Siku mbili za kazi ya kijiji zatosha kwa korongo moja. Twangojea serikali itujengee barabara, na yafaa kuiomba. Lakini mtoto apitaye kesho asubuhi hawezi kungoja.

Sisi tulianza baada ya usiku ule. Korongo la kwanza sasa lina ngazi 64, nazihesabu kila nikipita.

Kila mwaka tarehe 15 Agosti bado twaenda kule kigangoni. Saa 8 kamili twaondoka, hata kama hotuba haijaisha, na wenyeji wetu wamezoea. Hutufungia chakula kilichobaki katika majani ya migomba. Mvulana yule sasa ni kijana mrefu kuliko mimi. Yeye hutembea nyuma ya wote na filimbi shingoni, na hakuna mtoto awezaye kufunga kiatu bila yeye kusimama.

Na daftari langu, ambalo zamani lilikuwa na safu moja ya majina, sasa lina safu mbili. Ya kwanza nimeandika: Waliokwenda. Ya pili: Waliorudi. Siendi kulala mpaka zilingane.